Mwamba Ulioacha Kulia

Siku Mama Chiriku alipogundua kwamba mumewe hasikii, maji yalikuwa yamejaa sebuleni. Bomba la uani lilitoa maji mara mbili tu kwa wiki, na siku hiyo alimwachia mumewe kazi moja: pipa likijaa, afunge. Yeye akaenda kupeleka sare tatu za shule alizokuwa amezishona. Wakati wa kurudi aliusikia mlio tangu kwenye kona ya barabara, mlio wa maji yanayomwagikia maji mengine, akakaza mwendo akidhani mwenzake amepitiwa na usingizi.

Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mgongo ukielekea mlango wa uani, macho wazi, mikono juu ya magoti. Maji yalikuwa yamepita chini ya mlango, yakatandaa sakafuni taratibu, yakabeba kandambili za mtoto na vipande vya uzi, yakafika miguuni pake. Aliyatazama yakizunguka vidole vyake kama mtu aliye ndotoni, anayeona jambo la ajabu na hataki kuamka.

"Baba Chiriku," mkewe alimwita kutoka mlangoni.

Hakugeuka.

"Baba Chiriku, maji."

Kandambili moja ilielea ikagota kwenye mguu wa kiti. Aliinama, akaiokota, akaiweka mezani huku ikichuruzika. Mama Chiriku akavua viatu, akatembea majini hadi nyuma yake, karibu kiasi cha kuweza kumgusa shingo. Hakumgusa. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba apewe chumvi, "Nyumba inaungua." Kimya. Akasema, "Nimekuchoka." Hakuwa amemchoka, alitaka tu kuona. Kimya. Kisha akajikuta anasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa miaka kumi na mbili ya ndoa: kwamba ile siku mimba ya pili ilipoharibika mumewe alikuwa zamu, na kesho yake akaenda zamu tena, na kwamba hakumsamehe mwaka mzima, halafu siku moja akiwa anaanika nguo akagundua amekwisha kumsamehe, na hilo nalo hakumwambia.

Shingo ya mumewe ilibaki pale pale, na vumbi la kijivu kwenye mikunjo ambalo sabuni ilikuwa imeshindwa nalo. Bomba liliendelea kumwaga. Mama Chiriku akaenda kulifunga, akakaa kidogo uani akishikilia koki, mpaka pumzi zake zikatulia.

Alipoingia tena kwa mbele, mumewe alimwona, akatabasamu kwa haya. "Pipa limejaa," akasema.

"Naona," alisema mkewe.

Mtoto alirudi kutoka shule akakuta mama yake anakausha sakafu kwa matambara. Alikuwa na miaka tisa. Jina lake hasa lilibaki kwenye cheti na daftari la mwalimu. Nyumbani na mtaani alikuwa Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Alitupa mkoba, akachukua tambara, akaanza kukamua na kuongea kwa pamoja.

"Mama, umemwita baba akawa hakusikii, eti? Inabidi umguse kwanza. Halafu usimame mbele yake. Na usiongee nyembamba. Ongea nene, kama mwanaume."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimejua tu. Tangu likizo ile ndefu."

"Mbona hukuniambia?"

Chiriku alimtazama mama yake kwa mshangao wa kweli. "Nilidhani unajua. Wewe si mkubwa?"

*

Mgodini, Baba Chiriku aliitwa Daktari. Si kwa sababu ya kisomo. Darasa la saba lilimshinda kumaliza. Walimwita hivyo kwa sababu alipima mwamba kama mganga anavyopima kifua cha mgonjwa. Kila asubuhi, kabla kikosi chake cha watu kumi na mmoja hakijaingia mahali pa kazi, yeye alitangulia peke yake na mtaimbo mrefu, akagonga dari, hatua kwa hatua, huku akisikiliza. Mwamba mzima hulia kama kengele. Mwamba uliopasuka ndani hulia kama debe tupu, na ukilia hivyo watu hukaa mbali mpaka uangushwe. Akiridhika, Daktari alizungusha taa ya kichwa mara mbili, na wenzake wakaja na drili zao bila kuuliza. Kwa miaka saba hakuna aliyeangukiwa na jiwe chini ya dari alilolipima.

Kazi hiyo ilitaka masikio wazi. Stoo iligawa vizibo vya masikio jozi moja kwa mwaka, lakini mpimaji akiziba masikio atasikia nini? Akimaliza kupima alibaki pale pale, drili tatu zikinguruma hatua mbili kutoka kichwani pake, ili mwamba ukianza kulalamika awahi kuwatoa watu. Kabla ya hapo alikuwa ameshika drili mwenyewe miaka kumi. Hayo yote yalifanya miaka kumi na saba, na umri wake ulikuwa arobaini na mitatu.

Jioni ile, kabla jua halijatua, Mama Chiriku alimtuma mtoto kwa jirani, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe, magoti yakigusana. Akamshika mkono kwanza.

"Tangu lini?" akauliza, kwa sauti nene.

Daktari aliitazama midomo ya mkewe. Alikuwa ameandaa uongo wa siku nyingi, uongo wa mafua na nta ya masikio, lakini mkono ule ulikuwa bado na baridi ya maji, na uongo ukamtoroka.

"Haikuja siku moja," alisema. "Ilikuwa kama wageni wanaoondoka kwenye sherehe. Mmoja mmoja, bila kuaga. Kwanza wadudu wa jioni. Nikadhani ni kiangazi tu. Halafu ndege. Halafu sauti ya mtoto. Namwona anafungua mdomo, anacheka, hakuna kitu. Halafu wewe. Mvua nayo siku hizi ikinyesha juu ya bati naiona kama watu wanaotembea na soksi."

"Na mwamba?"

Aliinama, akasogeza kandambili ya mtoto kando.

"Baba Chiriku, na mwamba?"

"Wanaume nawasikia bado. Sauti nene nazipata. Kule chini kila mtu anapayuka, na mengine tunasemezana kwa taa."

"Sijakuuliza wanaume."

Aliitazama mikono yake. "Mwamba umeacha kulia," alisema. "Mzima na mbovu, yote sawa. Kama kugonga godoro. Lakini nausikia kwa mikono. Mtaimbo unatetemeka, mimi najua. Miaka saba hiyo, mama, mikono haisahau."

"Lakini si mlipimwa? Mwaka huu huu si mlipimwa zahanati?"

Ndipo akamweleza, akiangalia pembeni. Muuguzi alimvalisha vile vifuniko vya masikioni, akamwambia anyooshe kidole kila asikiapo mlio. Nyuma ya muuguzi kulikuwa na kabati la kioo. Kwenye kioo alikiona kidole cha muuguzi kikibonyeza kitufe, na kila kilipobonyeza, yeye akanyoosha chake. Muuguzi alikuwa na watu arobaini kwenye foleni na mtoto wake mwenyewe mgonjwa nyumbani. Aliandika "hana tatizo" na kuita mwingine. Daktari alitoka pale akacheka peke yake mpaka langoni, halafu kicheko kikamkauka.

"Mdogo wangu yumo kwenye kikosi hicho," alisema Mama Chiriku.

"Najua."

"Ana miaka ishirini na minne."

"Nimekwambia nausikia kwa mikono."

"Basi fumba macho," alisema. Akafumba. Mkewe akachukua kijiko akagonga sufuria, halafu akagonga mto wa kiti. "Kipi ni kipi?"

Daktari alikaa na macho yamefumbwa, uso umeinuka kidogo, kama anayengoja kuitwa jina. Mkewe alikwisha kuweka kijiko chini, na yeye bado alikuwa anangoja.

*

Jumapili mdogo wake Mama Chiriku alikuja kula kama kawaida yake. Walimwita Maringo, kwa sababu hata kwenda shimoni alivaa shati lililopigwa pasi, na mchana alikunja mikono ya shati hilo kwa uangalifu kama karani wa benki. Alikula sahani mbili, akamtania Chiriku mpaka mtoto akapaliwa, akamletea dada yake shati jipya lipunguzwe kiuno.

Mama Chiriku alikuwa ameweka pini mdomoni, anampima. "Kule kazini," alisema kupitia pini, "huogopi?"

"Naogopa nini?"

"Dari."

Maringo alicheka. "Dada, wenzangu wa vikosi vingine wanaogopa, na wana haki. Sisi tuna shemeji. Dari akishaligonga yeye, mimi nalala chini yake. Kweli, muulize. Wakati wa mkate nalala kabisa, kofia usoni."

Pini ilimchoma dada yake kwenye ulimi. Alimtazama mumewe ng'ambo ya chumba. Daktari alikuwa akiwatazama wote wawili kwa tabasamu la mtu anayeona watu wakiongea ng'ambo ya mto. Hakuwa amepata neno hata moja, na kwa sababu hiyo alitikisa kichwa kukubali.

Maringo alipoondoka, mkewe hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alimgusa bega, akasimama mbele yake. "Utawaambia wewe, au nitawaambia mimi. Kesho."

"Tutakula nini?"

"Sijui. Lakini siwezi kushona sanda ya mdogo wangu kwa cherehani uliyoninunulia wewe."

*

Ofisi ya msimamizi wa zamu ilikuwa kontena lililotobolewa dirisha. Ukutani kulikuwa na ubao mweupe ulioandikwa SIKU BILA AJALI, na chini yake namba 212, ambayo msimamizi mwenyewe aliifuta kwa kidole na kuiongeza kila asubuhi. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kuwa mchimbaji, na magoti yake yalilia alipoinuka. Alimsikiliza Daktari mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

"Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu. Na mtoto."

"Basi ni siri ya nyumbani. Iache nyumbani." Alikuwa na sauti nzito na Daktari aliipata karibu yote. "Mpimaji hauzwi dukani, ndugu yangu. Nikiandika kwamba huna masikio, lazima nifunge sehemu yenu mpaka makao makuu yalete mwingine. Mwezi huu umebaki siku tisa, na tuko nyuma ya lengo. Piga hizo siku tisa. Gonga polepole, tazama vizuri. Mwezi ukiisha nitakutafutia kazi ya kufagia chumba cha taa."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, yenye nafasi ya jina tu. Daktari aliisoma kwa shida. Ilisema kwamba mwenye kutia sahihi anakiri upungufu wake wa kusikia umetokana na umri pamoja na maradhi ya utotoni.

"Mimi sikuugua utotoni," alisema.

"Sote tuliugua utotoni," alisema msimamizi, akampa kalamu.

Daktari aliishika kalamu. Aliwaza kwamba karatasi hii haikuandikwa kwa ajili yake, imekuwa ikikaa humo mezani ikingoja mtu yeyote. Na kama imepigwa chapa, basi wamekuwapo wengine. Aliirudisha kalamu juu ya meza, ikabingirika, msimamizi akaidaka.

"Nitafikiri."

"Kafikirie chini. Watu wako wanangoja lifti."

Asubuhi ilikuwa ya baridi. Hewa ya moto kutoka shimoni ilikuwa ikipanda na kugeuka ukungu mdomoni mwa shimo, na wanaume kumi na mmoja walisimama ndani yake hadi mapajani, taa zao zikiwaka, kana kwamba wamepandwa kwenye wingu. Daktari aliwakaribia akaona midomo yao ikienda. Mmoja alimpisha atangulie, kama kila siku. Alitaka kuwaambia taratibu, mmoja mmoja ikiwezekana. Lakini mtu asiyesikia hajui kipimo cha sauti yake, na ilipotoka ilitoka kubwa kiasi kwamba hata akina mama waliokuwa wakichambua mawe ng'ambo ya uwanja waligeuka.

"Mimi siusikii mwamba."

Wengine walicheka, wakidhani ni utani. Daktari hakucheka.

"Sisikii. Nimewaingiza ndani miezi minane bila kusikia kitu."

Mtu wa kwanza kuelewa alikuwa Kipara, mshika drili wa siku nyingi, aliyeitwa hivyo kwa kichwa chake na kwa sababu alikipenda. Alitoka kwenye ukungu akaja mpaka pua zao zikakaribiana.

"Miezi minane," alisema. "Kila asubuhi unagonga, unazungusha taa, nasi twaja kama kuku wanaofuata mahindi."

"Ndiyo."

"Nina watoto watano."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingefanya." Kipara alikuwa akipayuka sasa, mishipa ya shingo imemtoka, akapayuka maneno mengine ya kumtukania mzazi ambayo si ya kurudiwa. Mwishowe alitema mate chini, karibu na kiatu cha Daktari, na wote wakayatazama yale mate kama kwamba ndiyo yatakayosema kinachofuata.

Daktari alimtafuta shemeji yake kwa macho. Maringo alikuwa amesimama nyuma kabisa, mikono ya shati imekunjwa. Alivua kofia ngumu, akaitazama ndani kama anayetafuta jina lake, kisha akakaa chini, kwenye tope, na suruali yake safi. "Mimi siingii," alisema. Mwingine akakaa. Halafu wote.

Msimamizi alitoka, akabembeleza, akatisha, akabembeleza tena. Saa mbili zikapita. Mwishowe aliagiza mpimaji wa zamu ya pili, wa sehemu nyingine, atolewe kitandani. Mtu huyo alishuka akiwa bado anapiga miayo, na Maringo akashuka naye kumshikia taa. Alianza kugonga mlangoni, akaendelea vizuri mpaka kwenye kona ambako kikosi kilizoea kukaa kula mkate. Hapo aligonga mara moja. Akagonga mara ya pili. Akarudi nyuma hatua nne bila kugeuka, mkono mmoja ukimvuta Maringo kwa ukosi wa shati.

Walilichokonoa dari kwa mitaimbo miwili, kutoka mbali. Lilishuka bila haraka, jiwe pana kama mlango, na lilipotua taa zote zilizimika machoni kwa vumbi. Vumbi lilipotulia Maringo aliona pembe ya mfuko wake wa mkate, aliousahau pale Ijumaa, ikichungulia chini ya jiwe.

Hakuna aliyeumia. Kesho yake msimamizi aliandika 213.

*

Barua ilikuja siku ya tano. Ilisema Daktari ameachishwa kazi kwa kuhatarisha maisha ya wenzake kwa kuficha hali ya afya. Juu ya siku tisa haikusema kitu. Kuhusu fidia, mtu wa ofisini alimwandikia kwenye kipande cha karatasi, baada ya kuchoka kurudia kwa mdomo: zahanati inaonyesha huna tatizo. Akapiga mstari chini ya "huna". Daktari alikumbuka kile kioo cha kabati, akakikunja kile kipande akaondoka.

Maringo hakuja Jumapili hiyo wala iliyofuata. Shati lake lilikaa kwenye msumari, limepunguzwa kiuno tayari.

Nyumba ilianza kuishi kwa cherehani. Daktari alijifunza kushona vifungo, na mikono yake minene ilikuwa na subira kuliko ya mkewe. Wateja walipokuja waliongea juu yake mbele yake. "Ndiye huyu?" mwanamke mmoja aliuliza, akijipima sketi. "Maskini. Lakini angeua watu." Mama Chiriku alimkunjia sketi yake ambayo haijakwisha akampa mkononi, akamwambia amalizie mwenyewe. Dukani muuzaji alimwambia Daktari bei mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, mpaka foleni nzima ikajua kwamba amekuja kununua sabuni nusu mche.

Siku zilipita mbele yake kama vitu vinavyopita nyuma ya kioo. Vitu vilifika bila kutangaza kuja: baiskeli, kivuli cha wingu, mkono wa mwanawe begani. Chiriku alikuwa amebuni lugha yake, vidole viwili kwa chakula, kuvuta sikio kwa mgeni, na alimfundisha baba yake kwa ukali wa mwalimu mkuu. Kuna mchana Daktari alimwambia mkewe, bila kuulizwa, "Ndoto zangu bado zina sauti. Jana nimeugonga mwamba ukalia, ukalia, mpaka nikaona aibu, nikadhani nitawaamsha."

"Uliniamsha," alisema mkewe. "Ulikuwa unacheka."

*

Mwezi wa tatu tangu afukuzwe ulipoanza, Kipara alisimama mlangoni. Ilikuwa alasiri, jua limeingia ndani mpaka kwenye miguu ya cherehani. Chiriku alivuta sikio lake kumwarifu baba yake. Kipara hakukaa. Alivua kofia, akaanza kusema akiwa ameangalia sakafu, na alisema kwa muda mrefu, akiizungusha kofia mikononi. Mama Chiriku alisikia yote na akaacha kukanyaga pedali. Daktari aliona kipara kinachong'aa kikiinama na kuinuka, basi.

"Anasema nini?" akamuuliza mkewe.

Mama Chiriku angeweza kumweleza. Badala yake akamwambia mgeni, "Shemeji, umeisemesha sakafu. Inua uso umwambie mwenyewe."

Kipara aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, na alizeeka ghafla kwa kutazamwa.

"Na mimi sisikii," alisema, neno baada ya neno. "Sikio la kushoto limekufa mwaka jana. La kulia linafuata. Siku ile nilipokutukana, nilikuwa najua. Nilikutukana kwa sababu nilijua."

Daktari aliisoma midomo ile mpaka mwisho, kisha akaendelea kuitazama, kama inaweza kuongeza. Mwili wake ulikumbuka mate yale karibu na kiatu, na moyo ukamwaka, ukakaa hivyo kwa muda. Alitamani kumwambia aondoke. Midomo yake ilifunguka kusema hivyo. Akaona kofia bado inazungushwa mikononi.

"Kaa," alisema, akasogea kwenye benchi.

Kipara alikaa. Alieleza kwamba iko hospitali ya mbali, si ya mgodi, ambako mtu hupimwa chumba kisicho na kioo chochote, na mwanasheria mmoja wa chama cha wafanyakazi amesema mtu mmoja akienda atafukuzwa, lakini kikosi kizima kikienda ni habari nyingine. Kesho asubuhi atawaambia wenzake kwenye lifti, na kuwaomba walio kama yeye watoke wasimame naye. Ila anaogopa. Anamjua mtu wa kwanza aliyesema maneno hayo pale, na anajua alivyotendewa, maana yeye ndiye aliyemtendea.

"Nitakuja," alisema Daktari.

"Hawatakuruhusu getini."

"Nitasimama nje. Wewe nitazame mimi."

Asubuhi alivaa shati la Jumapili akaenda. Mlinzi, ambaye walisalimiana kila siku kwa miaka mingi, alitikisa kichwa kwa huzuni na hakufungua. Daktari akauzunguka uzio mpaka mahali unapoonekana mdomo wa shimo, akaingiza vidole kwenye matundu ya waya. Ukungu ulikuwa umepanda, mweupe, hadi mapajani mwa watu. Aliviona vichwa vyao kwa mbali, na miongoni mwao kichwa kimoja kisicho na kofia.

Alimwona Kipara akigeuka kuutazama uzio, kisha akiwageukia wenzake. Midomo haikuonekana kutoka pale. Hakusikia neno, hakusikia hata upepo uliokuwa ukiutikisa waya mikononi mwake. Alichoona ni Kipara akitoka kwenye mstari na kusimama kando, peke yake, na kubaki peke yake kwa muda mrefu mno, msimamizi akija mbio kutoka kwenye kontena na magoti yake mabovu. Daktari alitaka kupiga kelele, asijue angepiga kelele gani.

Halafu mtu mmoja mfupi alitoka akasimama karibu na Kipara. Halafu wawili kwa pamoja, wazee wa drili, hao alikuwa akiwakisia. Msimamizi alikuwa akipunga mikono. Ukungu ulisogea, ukawafunika wote, ukafunguka tena, na aliyekuwa anakuja sasa, wa tano, alikuwa amekunja mikono ya shati kwa uangalifu kama karani.

Daktari alihesabu upya, akidhani amekosea mtu. Kijana wa miaka ishirini na minne. Miaka sita tu kwenye drili.

Maringo alifika kando ya Kipara, akasimama. Aligeuka upande wa uzio, akamwona shemeji yake, na hakupunga mkono. Aliinua kidole kimoja, akakiweka kwenye sikio lake la kulia, akakiacha hapo.